Theluthi ya Kopo

Bi Naghenjwa huuza tangawizi Mbuyuni,
huishusha kwa gunia kutoka milima ya Same,
na kila tarehe tano simu ya ofisi hutetemeka:
elfu tatu. Si pungufu, si zaidi.
Mimi ndiye mhasibu, na ndiye mfagiaji,
wa chumba kimoja nyuma ya gereji, Pasua,
chenye kibao: KIVULI,
Huduma kwa Watoto Wenye Ualbino.
Humwandikia risiti, naiweka kwenye faili.
Hakuna aliyewahi kufuata risiti.

Yeye alizifuata.

Jumanne, saa nne, kanga kaifunga kibwebwe,
akakalia boksi la kofia kabla sijamkaribisha.
"Elfu tatu yangu ya mwezi wa saba," akasema,
"ilikwenda wapi?"
Nikacheka. Hakucheka.
"Mwanangu, mimi Mpare. Kwetu mbuzi akipotea
tunauza ng'ombe kuendesha kesi. Hesabu."

Nikafungua daftari. Kopo la mafuta ya jua, elfu tisa.
Elfu tatu, basi, ni theluthi ya kopo.
"Theluthi ya juu au ya chini?"
Chuoni hawakutufundisha hilo.
"Nionyeshe aliyepakwa."

Nikawakumbuka, sijui kwa nini, wale wa mwezi wa tatu:
milioni kumi na mbili, hundi ya kadibodi
pana kama mlango, na mpiga picha aliyetaka
Kibo itokee nyuma, nyeupe, bila wingu.
Tukawapanga watoto uwanjani saa sita mchana,
kofia mkononi ili nyuso zionekane,
tukasubiri wingu liondoke.
Sisi, Kivuli, tukasubiri wingu liondoke.
Usiku ule Kaanaeli alilalia tumbo.
Fedha zile zimetulipia kodi ya miaka miwili,
sitasema uongo; nilishukuru
kwa barua ya kurasa tatu,
ndefu kuliko shukrani inavyohitaji.

Kaanaeli akaingia kutoka shule, miaka tisa,
macho yakikwepa mwanga wa dirisha.
Akachovya kidole koponi, akajipaka pua, mashavu,
harakaharaka, kama mtu anayefuta kosa ubaoni.
"Umeruka nyuma ya masikio," akasema Bi Naghenjwa.
Akanyanyuka. Akasita. Akaitazama mikono yake,
miaka thelathini ya tangawizi
imezama kwenye mistari ya viganja.
"Hii itamuunguza."
Akaomba maji. Akanawa kwa sabuni, akanawa tena,
akanusa vidole, akatoka hadi bombani kunawa mara ya tatu,
mafundi wa gereji wakimtazama,
mimi nimebaki na kalamu hewani.
Kisha akampaka, polepole, sikio, sikio, shingo,
na ule mpaka ambapo nywele huanza.
Mtoto huyu hapendi kuguswa na wageni.
Akafumba macho.

"Kumbe theluthi ndiyo hii," akasema,
akikwangua ukingo wa kopo kwa ukucha. "Haya. Nimeiona."
Hata hivyo akataka risiti igongwe muhuri upya,
ule wa zamani, alisema, wino umefifia.

Tarehe tano ikaja. Elfu tatu.
Na kijana wa toroli akashusha kiroba mlangoni:
tangawizi, kilo mbili, bado ina udongo wa kwao.
Safu ya Vilivyopokelewa nikaijaza.
Safu ya Thamani nimeiacha wazi, mkaguzi ataniuliza.
Safu ya Matumizi nikaandika kwa wino mweusi:
imepondwa, imechemshwa, imenywewa,
watu kumi na mmoja na mafundi wawili,
manyunyu tangu asubuhi,
Kibo haionekani.